Vihisi Viwili Chini ya Godoro

Hataza yangu ya kwanza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ina majina mawili, na langu ni la pili. La kwanza ni la bosi wangu wa wakati huo, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona ameshika chuma cha kulehemu. Saketi ilikuwa yangu: njia ya kuzuia betri ya pampu ya dawa isizime ghafla mgonjwa anapohamishwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Niliihangaikia miezi minne. Yeye aliingia maabara siku ya mwisho, akauliza kama taa ya kuonyesha chaji inaweza kuwa ya kijani badala ya nyeupe, na fomu ziliporudi kutoka kwa mawakili jina lake lilikuwa juu. Nilipouliza, niliambiwa majina yamepangwa kwa alfabeti. Nimeyapanga majina hayo mara nyingi kichwani, kwa jina la kwanza na kwa jina la ukoo, na kila mara langu hutangulia.

Hataza ya pili ina jina langu peke yangu kama mvumbuzi, ila mmiliki ni kampuni, kama mkataba wangu wa ajira ulivyosema. Tangu hapo nikawa mtu wa daftari. Kila wazo nililiandika siku ileile, nikatia tarehe na sahihi, na ukurasa nikaupa namba ili mtu asiweze kuchomoa mmoja katikati bila kujulikana. Daftari halikulala ofisini hata siku moja. Wenzangu walidhani ni shajara ya mapenzi, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Mwaka wa kwanza wa korona tulitumwa nyumbani, kila mtu na kompyuta yake. Yangu ilikuja na programu mpya ambayo hakuna aliyenieleza kazi yake. Nikabandika plasta juu ya kamera, na kila nilipopata wazo la maana nilizima kompyuta kwanza, kisha nikaenda kuliandika jikoni. Miezi michache baadaye nusu ya idara yetu tuliitwa kwenye mkutano wa video, tukaambiwa kazi zetu zimekwisha. Barua yao niliisoma mara tatu nikitafuta mtego. Sikuupata. Nilichokiona ni kwamba kuanzia siku ile, chochote nitakachobuni ni changu.

Nilikuwa nikiishi Merrylands, kitongoji cha magharibi mwa jiji huku Australia, ghorofa ya pili, katika mojawapo ya yale majengo ya zamani ya matofali mekundu yenye kamba za nguo nyuma. Nilijishikiza kwa vibarua vya kukagua vifaa vya umeme kwenye maghala: unapima waya, unabandika kibandiko chenye tarehe, unakwenda kwa kifaa kinachofuata. Sebule yangu ikageuka maabara. Meza ya kulia ikajaa vipima-umeme, koili za waya na visanduku vya vipuri.

Mwaka wa pili mambo yalikazwa, na upande wetu wa magharibi yalikazwa zaidi. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya paa zetu. Kutoka nje ya eneo letu kulihitaji kibali kwenye simu, na saa za kutotoka nje tulikuwa nazo sisi, huku picha za watu wa ufukweni, upande ule mwingine wa jiji, zikiwaonyesha wamelala juani. Jengo zima tulianza kutazamana vibaya. Mtu akikohoa kwenye ngazi, milango ilikuwa inafunguka kidogo, jicho moja linachungulia, mlango unafungwa. Nami nilichungulia.

Aliyechunguliwa kuliko wote ni mama mmoja Mrundi wa ghorofa ya chini. Alikulia kambini Tanzania, akazalia huko, kisha akaletwa Australia pamoja na binti yake. Kiswahili chake kilikuwa na Kigoma ndani yake na Kifaransa kidogo, na ngeli alizipanga apendavyo. Tulijuana kwenye ibada ya Kiswahili kabla kanisa halijafungwa. Alinizidi miaka kama sita, nikamwita dada, naye akaniita dada vilevile. Alifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, na majirani walikuwa wanamsubiri apite na sare yake ndipo washuke ngazi. Kwa hiyo alizianika sare zake kwenye kamba ya mwisho kabisa, karibu na ua, na hapo ndipo tulipozungumza, kamba tatu zikiwa katikati yetu.

Siku moja alitoka zamu akiwa amechoka mno. Mzee mmoja aliyemhudumia alikuwa ameanguka tena, mara ya tatu. Kando ya kitanda chake palikuwa na mkeka wa mpira wenye king'ora ndani. Mzee akiukanyaga, king'ora kinalia kwenye meza ya wahudumu. Shida ni kwamba siku zile, kabla ya kuingia chumba chochote, mhudumu alitakiwa kuvaa gauni la plastiki, glavu, barakoa na ngao ya uso. Alipomaliza kuvaa, mzee alikuwa sakafuni.

Nilimwambia labda mkeka uongezwe sauti. Alitikisa kichwa.

"Dada, ile mkeka inauliza swali mubaya," alisema. "Inauliza: papa, umesimama? Papa amesimama deja. Mimi nikikaa kwa kiti karibu yake, mkono yangu iko kwa godoro, ninajua mbele. Kama anageuka tu, huku inashuka, huku inapanda, halafu inarudi. Kama anataka kuinuka, huku inashuka yote, huku inabaki bure, na hairudi. Weka mbili. Moja huku, moja huku. Ziulizane."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Niliandika kwenye daftari: vihisi viwili, kila upande kimoja, saketi ya kulinganisha, muda wa kusubiri. Nikatia tarehe na sahihi. Sikuandika niliongea na nani.

Kazi yenyewe niliifurahia kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Vihisi vilikuwa vijikanda vyembamba vinavyobadilisha umeme vikigandamizwa, na nilivilaza chini ya godoro, kimoja kushoto, kimoja kulia. Katikati niliweka saketi ya kulinganisha uzito wa pande mbili. Upande mmoja ukibeba kila kitu na mwingine ukiwa mtupu, umeme ulianza kujaza kapasita taratibu, kama maji yanavyojaza ndoo kupitia mpira mwembamba. Mzee akirudi katikati, ndoo inamwagwa. Asiporudi kwa sekunde mbili, ndoo inajaa na king'ora kinalia, naye bado amekaa ukingoni mwa kitanda. Hapakuwa na kamera wala intaneti, na betri ndogo ilitosha.

Kutembeleana ndani ya nyumba kulikatazwa, basi tulifanyia majaribio kwenye gereji ya pamoja, mlango ukiwa wazi, sote wawili na barakoa zetu. Nilishusha godoro langu, tukaliweka juu ya mbao. Yeye alijifanya mzee. Alijua namna zote: yule anayejisukuma kwa viwiko, yule anayeshusha mguu mmoja na kulala tena, yule anayedanganya amelala hadi mhudumu apite. Mimi nilikuwa narekebisha muda, yeye analala, anainuka, anasema hapana, huyu angekuwa ameanguka tayari, au hapana, huyu ulikuwa unamsumbua bure.

Siku ya tatu polisi wawili walikuja. Jirani alikuwa amepiga simu kusema kuna wanawake wawili wenye waya na godoro. Walisimama mbali wakauliza tunafanya nini. Nilieleza kwa Kiingereza changu kizuri cha ofisini, huku dada akiwa bado amelala ameshika kingo za godoro, amekaza macho kwenye paa. Walituonya kuhusu umbali, wakaandika majina yetu, wakaondoka. Mikono yake ilichukua muda kuachia godoro. Nilimuuliza kama yuko sawa, akasema polisi wakiandika jina, yeye hupenda kujua limeandikwaje. Niliona kama jambo dogo, nikarudi kwenye saketi yangu.

Kifaa kilipoanza kufanya kazi bila kukosea ndipo nilipoanza kukosa amani. Kwanza alipiga simu mhandisi mwenzangu wa zamani, Mkenya anayeishi Rooty Hill, ambaye tulikuwa hatujaongea miezi mingi.

"Niaje, nasikia uko na kamradi," alisema. "Si unitumie kapicha ka hiyo saketi nione?"

Nilimuuliza amesikia wapi. Akacheka, akasema mambo husikika. Wiki iliyofuata alipiga tena, na safari hii akataja kwamba kampuni yetu ya zamani imemrudisha kazini. Nilikata simu. Niliona picha nzima: bosi yule, hataza ya tatu, jina lake juu. Daftari nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikalizika ndani ya debe la unga.

Nilifanya hesabu ya watu waliojua. Walikuwa wawili, mimi na dada. Nilipomuuliza kama kuna mtu amemwambia, alijibu bila wasiwasi kwamba ndiyo, kwenye ibada ya mtandaoni aliombea kazi ya mikono ya dada yetu anayetengeneza kitanda cha wazee. Watu wengi waliitikia amina. Na meneja wake kazini alikuwa amemuuliza kwa nini ana shauku na mkeka wa king'ora, naye akamweleza kidogo.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nikaanza kutazama kwenye tovuti ya ofisi ya hataza kila asubuhi, kana kwamba maombi ya mwizi yangetokea pale kama tangazo la msiba, ilhali najua fika kwamba maombi hukaa siri miezi mingi kabla ya kuchapishwa. Mwishowe nilipakua fomu ya kutunza siri kutoka mtandaoni, nikachapisha, nikamngoja dada kwenye masanduku ya barua.

Aliishika karatasi, akaigeuza. "Inasema nini?"

"Inasema usimwambie mtu yeyote habari ya kifaa."

"Kifaa gani?"

"Cha kitanda."

Alinitazama juu ya barakoa. "Kile nilikuambia mimi?"

Nilisema ni utaratibu tu, kila mtu husaini. Aliiweka karatasi ukutani, akasaini, akanirudishia kalamu akiwa ameishika kwa ncha. Kuanzia siku hiyo nikitoka na ndoo ya nguo, yeye alikuwa ameshaanua zake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshawasilisha maombi ya awali ya hataza mwenyewe, na sasa nilipata miadi ya video na wakili wa hataza, mwanamke mtaratibu mwenye ofisi mjini. Nilimweleza hofu zangu zote: mwenzangu wa Rooty Hill, bosi, ibada, meneja. Alisikiliza, akasema hayo hayamtishi. Maombi yangu yaliwahi, na maneno machache ya kanisani hayaelezi saketi. Kisha akaniomba nimsimulie wazo lilivyokuja, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Nikasimulia. Nilipofika kwenye kamba za nguo akaniinulia mkono.

"Nani alisema viwe viwili?" aliuliza.

"Jirani."

"Na kwamba upande mmoja ukibaki mtupu bila kurudi, ndiyo dalili ya kuinuka?"

Nikasema ni yeye pia, lakini hajui umeme, hawezi kutofautisha kapasita na betri.

Wakili alieleza kwa upole kwamba sheria haiulizi nani alilehemu. Inauliza nani alileta wazo. Mimi nilileta namna ya kulitimiza, jirani alileta kiini chake. Kwa hiyo wavumbuzi ni wawili. Nikimwacha nje, siku itakapojulikana hataza nzima inaweza kufutwa. Akaongeza kwamba hata isipojulikana, yeye hataandika jambo ambalo sasa anajua si kweli.

Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Nisiseme kwamba sikufikiria kutafuta wakili mwingine na kumsimulia hadithi fupi zaidi. Nilitoa daftari kwenye unga nikaufungua ukurasa ule. Tarehe ilikuwepo, sahihi ilikuwepo, na ungemridhisha hakimu yeyote. Ukurasa ule nilikuwa nimeuandika mwenyewe, dakika chache baada ya kuondoka kwenye kamba, na ndani yake hakuna mtu mwingine duniani. Bosi wangu angalau aliuliza rangi ya taa. Mimi nilikuwa nimemsainisha mwenye wazo karatasi ya kumnyamazisha kuhusu wazo lake.

Siku ya nne niligonga mlango wake, nikarudi nyuma hatua kadhaa kama tulivyozoea. Nilikuwa na ile fomu ya siri na nikaichana mbele yake, jambo ambalo halikumgusa. Kisha nikatoa karatasi za wakili, nikamweleza habari ya wavumbuzi wawili, haki nusu kwa nusu, mahali pa kusaini. Alisikiliza akiegemea mlango.

"Kwa nini leo?" aliuliza.

Ningeweza kusema dhamiri. Nilimwambia wakili amesema bila wewe itafutwa.

"Merci kwa kusema hiyo," alisema. "Acha mapapie hapo chini. Atasoma mtu asiyekujua."

Ilichukua siku kumi. Siku hizo niligundua kwamba kujua nimekosa hakukuniponya chochote. Nilimwona mwanamume mwenye bahasha kubwa akisimama mlangoni kwake, nikaamini kampuni yangu ya zamani imemfikia na amekwisha kuuza. Nilijificha nyuma ya pazia nikahesabu muda. Baadaye nikaja kujua ni mwalimu, alikuwa anawapelekea wanafunzi vitabu vya kazi kwa sababu shule zilifungwa. Na mtu aliyekuwa anamsomea karatasi zangu alikuwa mkalimani wa simu pamoja na mwanasheria wa huduma ya bure, sentensi baada ya sentensi, kwa vipindi kati ya zamu zake.

Aliponiita, alikuwa na sharti moja. Hakutaka zaidi ya nusu, wala hakutaka jina lake litangulie. Aliniambia kwamba kambini, ofisa aliyekuwa anaandikisha watu alilisikia jina lake vibaya, akaliandika alivyosikia. Lile jina lilipanda naye ndege. Liko kwenye viza, kwenye kadi ya afya, kwenye beji ya kazini, na polisi wale kwenye gereji waliliandika hivyohivyo.

"Mama yangu hakunipa ile," alisema. "Kwa hii kitu, waandike ya mama yangu."

Wakili alisema hilo litahitaji tamko la kiapo la kuonyesha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na litachelewesha mambo. Nikasema yachelewe. Tuliandika tamko hilo pamoja, yeye anataja herufi moja moja kupitia dirisha la jikoni, mimi naandika nje nimesimama, na kila nilipomaliza neno alitaka niinyanyue karatasi alione.

Vizuizi viliondolewa, maduka yakafunguliwa, watu wakaanza tena kusalimiana kwenye ngazi kana kwamba hawakuwahi kuitiana polisi. Mzee yule wa mkeka hakukiwahi kifaa. Alifariki kabla kifaa hakijawekwa kwenye kitanda chochote, si kwa kuanguka bali kwa korona yenyewe, na dada ndiye aliyeshika simu ili wanawe wamwone. Kiwanda kidogo kilichukua leseni ya kutengeneza kifaa chetu, na sasa kiko kwenye nyumba kadhaa za wazee. Hakijatutajirisha.

Mwenzangu wa Rooty Hill nilikutana naye kwenye harusi. Aliniambia, akiwa amenuna kidogo, kwamba aliomba ile picha ili aionyeshe kampuni ijute kuniachisha, wanirudishe. Huenda ni kweli. Nilimtazama machoni nikitafuta uongo, akaona ninavyotafuta, akaenda kukaa meza nyingine. Hajanipigia tena.

Dada alihamia Campbelltown, akapata kazi hospitalini na nafasi ya kusoma jioni chuo cha ufundi. Hataza ilipotoka nilipanda treni kumpelekea nakala yake, safari ndefu inayokupa muda wa kuwaza mengi. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akavaa miwani. Hakutazama ukurasa wa majina peke yake kama nilivyotarajia. Alianza mwanzo, akasoma kila mstari kwa kidole, michoro pia. Kwenye ukurasa wa nne alisimama, akaniuliza neno moja la kisheria lina maana gani. Nikamweleza. Akamwita binti yake kutoka chumbani, akamuuliza neno lilelile. Binti alijibu kwa Kiingereza, na jibu lake lilikuwa sawa na langu. Dada aliitikia kwa kichwa, akarudisha kidole kwenye mstari.

Sikukasirika. Chai yangu ilipoa, nikainywa hivyohivyo. Alipomaliza ukurasa wa mwisho alizipanga karatasi, akazitia kwenye bahasha, akaipeleka chumbani kwake na nikasikia kabati likifungwa kwa ufunguo. Kisha akarudi, akaniuliza kama nitakula.